Celina Kanana Ireri, Mshona Mukorino wa Kibirichia

Padre wetu, wazee, mama zetu wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika, wakwe zetu mliotoka Embu asubuhi na mapema, majirani, na nyote mliosimama kwa sababu viti vimekwisha, poleni na asanteni kwa kufika. Historia hii inasomwa kwa niaba ya familia na Riungu, kitinda mimba wa nyumba hii na mwalimu wa shule ya hapa kijijini, na kabla hajaianza ametumwa aombe jambo moja tu, kwamba ule msemo wa ajali haina kinga, ambao tumeletewa hapa nyumbani kila jioni tangu Jumamosi iliyopita, leo uwekwe kando kidogo mpaka karatasi hii isomwe yote, kisha mwenye kuutaka atauchukua aende nao kwake.

Marehemu Celina Kanana Ireri alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 11 Machi 1969, hapa hapa Kibirichia, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa Mzee Salesio Mwiti na Mama Marcella, ambao wote wawili wametutangulia. Mama alikuwa akisimulia kwamba uchungu ulimpata akiwa shambani akipanda viazi, naye akaumaliza kwanza mstari aliokuwa ameuanza, ndipo akaweka jembe chini, akatembea mpaka nyumbani, akamzaa Celina kabla mkunga hajavua viatu. Watu waliomjua Celina akiwa na sindano mkononi hawatashangaa kusikia hivyo.

Alijiunga na Shule ya Msingi ya Kiamirithi mwezi Januari 1976, akasoma hapo mpaka alipofanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1982, na wale mliosoma naye, ambao baadhi yenu mmeketi hapa na mvi zenu, mnakumbuka kwamba hesabu za kuzidisha alikuwa akizimaliza kichwani wakati ninyi bado mnatafuta kalamu. Alifaulu, akaitwa sekondari, lakini Mzee alikuwa na uwezo wa kusomesha wachache, akachagua wavulana, kama wazee wengi wa siku zile, na mmoja wa wavulana hao ndiye huyu anayewasomea sasa. Celina hakuwahi kulitaja jambo hilo hata siku moja, na afadhali angelitaja.

Mwaka 1984 alipelekwa Timau kujifunza ushonaji kwenye darasa la kanisa, akahitimu mwishoni mwa 1985, na cheti chake bado kimetundikwa ukutani juu ya redio. Alishona sare za shule pale Timau kwa miaka miwili na nusu, katika baridi ile ambayo vidole vinakataa kukunjika, mpaka Mama alipougua kifua mwaka 1988, akarudi nyumbani kumtunza, na kwa kuwa cherehani ilikuwa ya mwenye duka, alirudi na mikono yake tu. Viazi vilikuwa vinavunwa, malori yalikuwa yamejaa pale senta, kwenye maduka, na wanawake waliojua kushona magunia walikuwa hawatoshi, basi akachukua sindano ndefu na kamba ya nailoni, akakaa chini kwenye udongo pamoja na wenzake, na hapo ndipo kazi yake ya miaka ishirini na sita ilipoanzia.

Kwa wageni wetu ambao hawalimi viazi, familia inaomba muda kidogo ieleze kazi hiyo, kwa sababu asiyeielewa hataelewa kwa nini tuko hapa. Gunia la kawaida hujaa kwa debe sita, likafungwa mdomo, mambo yakaisha. Lakini kwetu huku mdomo haufungwi, bali viazi vinaendelea kupangwa juu ya mdomo, debe la saba, la nane, la tisa, wakati mwingine la kumi, kisha juu kabisa panawekwa nyasi kidogo, na mshonaji anazungusha kamba, anasuka wavu wa kukishika kile kilima kisianguke, mpaka gunia linakuwa limefunga kilemba kichwani kama waumini wa dhehebu la Akorino, na ndiyo maana likaitwa mukorino. Mkulima analipwa gunia moja, dereva anaandikiwa gunia moja, askari barabarani anahesabu gunia moja, yaani kila mtu hapa anahesabu vichwa, hakuna anayeuliza mtu mwenyewe ni mzito kiasi gani. Na katika kazi hiyo, ndugu zangu, Celina hakuwa na mpinzani. Mshono wake ulikuwa unapishana kama msalaba, mkazo mmoja kutoka chini mpaka juu, na wachuuzi wa sokoni Embu walikuwa wakiona gunia likishushwa wanasema hilo ni la Kanana, hilo halijawahi kumwaga hata kiazi kimoja.

Ni magunia hayo hayo yaliyomletea mume. Mwishoni mwa mwaka 1988 alikuja hapa utingo mmoja mrefu, mchekeshaji, mzaliwa wa upande wa Runyenjes, jina lake Ireri, ambaye alikuwa akipakia magunia ya Celina mwisho ili apate kukaa chini amwangalie akishona, na lori lao likawa linachelewa kuondoka kila wiki mpaka dereva akachoka, akamwambia amwoe au aache. Walifunga ndoa takatifu siku ya Jumamosi, tarehe 8 Desemba 1990, na kwa kuwa Ireri alinunua kipande cha shamba hapa hapa Kibirichia badala ya kumpeleka mkewe Embu, vijana wa senta walimtania miaka mingi kwamba yeye ndiye aliyeolewa, naye akawa anawajibu kwamba ndiyo, na mahari yake ilikuwa viazi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Lydiah aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 1991, ambaye sasa ni mwalimu wa chekechea Chuka, na Koome aliyezaliwa tarehe 19 Mei 1995, ambaye amemaliza kidato cha nne. Wote wawili wamesomeshwa na sindano ya mama na usukani wa baba, kwa maana kufikia mwaka 1997 Ireri alikuwa amepata leseni na kukabidhiwa lori la tani kumi la Bwana Mutembei, mnunuzi wetu wa viazi, ambaye tunamshukuru kwamba yuko nasi hapa hemani.

Basi mke akawa anashona, mume anateremsha, miaka ikaenda, na kama siyo jambo moja lililotokea Timau pengine Celina angeishi kwa amani, akafa kwa amani vilevile, bila kujua.

Siku ya Jumatano, tarehe 16 Februari 2011, Celina alikuwa Timau kwa kibarua cha kushona magunia ya ngano kwenye shamba moja kubwa, kwani viazi vilikuwa bado, na saa ya chakula akaona limeletwa jikoni kwa wafanyakazi gunia la viazi ambalo alilitambua kwa mbali, mshono ulikuwa wake. Akacheka, akawaonyesha wenzake. Karani wa ghala, kwa mzaha tu, akasema lipandishwe kwenye mizani ya ngano tuone huyu Mkorino ana kilo ngapi, wanaume wanne wakalipandisha, na mizani ikasoma kilo mia moja sitini na tatu. Celina akasema mizani imeharibika, maana tangu utotoni alijua, kama sisi sote tulivyojua, kwamba gunia ni kilo tisini, gunia ni gunia. Karani akapima gunia la ngano, ikawa tisini kamili. Wakalirudisha lile la viazi, ikawa mia moja sitini na tatu. Na yule msichana wa hesabu za kichwani hakuhitaji kalamu, lori la mumewe ni la tani kumi, linapakia magunia mia, mia mara mia moja sitini na tatu ni tani kumi na sita na kilo mia tatu, nalo linaiteremka barabara ya Meru mara mbili kwa wiki, mumewe akiwa ndani. Wenzake wanasema aliacha sahani yake pale pale, akatoka nje.

Jioni hiyo alimwambia Ireri, na Ireri kwanza alicheka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu ndiyo siku aliyoelewa kwa nini lori hilo kwenye mteremko lilikuwa likimsukuma mgongoni, na kwa nini alikuwa akilazimika kusimama kwenye kijito apoze magurudumu kwa maji, jambo ambalo yeye alidhani ni uzee wa gari. Alimwendea mwenye lori akaomba apakiwe magunia sabini, akaambiwa lori hili limebeba mia tangu lije, kama wewe umeanza kuogopa mteremko sema apewe mwingine, na wiki mbili zilizofuata lori likaendeshwa na mwingine, na Ireri akakaa nyumbani akitazama ukuta. Wiki ya tatu akarudi kwenye usukani, magunia yakiwa mia yale yale.

Tangu hapo Celina hakuwa na raha tena, na familia inasema wazi, kwa kuwa leo hakuna cha kuficha, kwamba mama huyu aliishi miaka mitatu na nusu na hofu ambayo hatumtakii hata adui. Alikuwa akifua mashati ya mumewe, na kabla ya kuyatia majini anayanusa, kwa sababu breki zinapochemka moshi wake huingia kwenye nguo, na kwa harufu ya shati alijua siku hiyo kona ilipitwa vipi. Kuna Jumamosi alilishika shati hapo kwenye karo akalia, majirani wakafikiri amemfumania mume na mambo ya mjini, laiti ingekuwa hivyo.

Mwezi Machi 2012 akafanya jambo ambalo wengi wenu mnalijua kwa upande mmoja tu. Magunia yote yaliyokuwa yanapakiwa kwenye lori la Ireri akaanza kuyashona yeye peke yake, na chini ya kilemba, pale panapostahili debe mbili za viazi, akawa anajaza nyasi, akizikandamiza, akizifunika kwa safu moja ya viazi vizuri, umbo likabaki lile lile. Debe mbili kwa kila gunia, mara mia, ni zaidi ya tani tatu alizomwondolea mumewe mgongoni bila yeye mwenyewe kuambiwa, na kwa majuma kumi na moja mashati yalirudi yakinuka jasho tu. Alikuwa akiimba, Lydiah anakumbuka, alikuwa akiimba akipika. Ni kweli wachuuzi wa Embu walipunjwa, na wako hapa, familia inawaomba radhi kwa niaba yake, lakini mjue kwamba hakuna kiazi hata kimoja kati ya hivyo kilichoingia kwenye sufuria yake, vyote viliachwa shambani kwa mwenye shamba.

Wachuuzi walifungua, wakakuta nyasi, wakalalamika, na Jumapili ya tarehe 3 Juni 2012, baada ya Misa, Celina aliitwa mbele ya wakulima na washonaji hapo senta, akaitwa mwizi. Alisimama akawaeleza habari za mizani ya Timau, akazidisha mbele yao, akawaambia magunia haya tunayoshona yanatembea barabarani na watu wako mbele yake, akawasihi wote kwa pamoja wakatae kilemba, washone debe sita tu, kwa sababu akikataa mmoja mnunuzi anahamia shamba la jirani, lakini tukikataa sote ataenda wapi. Alisema maneno hayo huku analia, na mama mmoja akamwambia akae chini asituletee njaa.

Familia imekubaliana kwamba jambo linalofuata lisomwe, na anayesoma ndiye aliyeomba liandikwe. Siku ile Riungu, mdogo wake, mwalimu, mtu aliyesomea nafasi ya dada yake, alikuwa na viazi vya nusu ekari vimechimbwa na vimekaa siku nne chini ya jua, vimeanza kugeuka kijani, na Bwana Mutembei alikuwa amesema hatapakia cha mtu yeyote mpaka ugomvi huu uishe. Riungu alijua kuzidisha. Alijua dada yake hajakosea hata kilo moja. Alisimama mbele ya watu, akamwambia, "Dada, shona tu, wacha mambo mengi," na watu wakapiga makofi, na Celina akamtazama, akaketi. Viazi vyake vilipakiwa Jumatatu. Riungu huyo hajalala tangu tarehe 16 mwezi huu, na hatafuti kuhurumiwa, anasoma tu.

Basi Celina akashona. Miezi miwili hawakumpa kazi, mwezi wa tatu wakamwita, kwa sababu mshono wake ulikuwa bado ndio mshono, akashona debe tisa na kumi kama wengine, na akajiwekea sharti moja ambalo hakulivunja mpaka mwisho, kwamba lori la Ireri haliteremki bila yeye kuwa ndani. Alikuwa akimaliza gunia la mwisho, anafuta mikono, anapanda, anakaa kushoto na rozari yake, na kazi yake humo ndani ilikuwa kusema gia ya pili, baba Lydiah, gia ya pili, mpaka waone mabati ya Meru mjini. Watu walimcheka, wakasema mama huyu analinda mume asichukuliwe na wasichana wa Embu, naye akawaacha wacheke. Alimwambia Lydiah kwamba kama ni kungoja simu nyumbani, moyo wake hauwezi tena, afadhali kuiona barabara kwa macho yake.

Siku ya Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2014, kulikuwa na manyunyu na ukungu, baridi ile ya Agosti mnayoijua. Celina alishona gunia lake la mwisho saa sita mchana, lori likapakiwa magunia mia moja na manne, na saa nane wakaondoka, yeye akiwa kushoto. Walipita Kiirua salama. Kwenye mteremko baada ya hapo, kabla ya kona inayoitwa Mti Mmoja, Ireri alikanyaga breki zikashika, akakanyaga tena zikashika nusu, mara ya tatu mguu ukafika chini, hakukuwa na kitu. Gia ilikuwa ya pili. Familia inataka hilo lisikike vizuri na lisikike mara mbili, gia ilikuwa ya pili, injini ikapiga kelele, gia ikajitoa yenyewe kwa uzito, ikakataa kurudi. Mbele kulikuwa na gari dogo, na trekta nyuma yake, na Ireri alilibamiza lori kwenye ukingo wa mlima ili lisimame, likasuguana na ukingo, likapanda, likalala, na likalala upande wa kushoto. Mzigo ukaja mbele ukaifunika kabini.

Sasa jamani, tusikilizane. Watu walifika haraka sana, pengine mia moja, na wengi wao hawakuja kwa ajili ya mtu. Magunia yaliyokuwa yamejiviringisha mpaka barabarani yaliburutwa kando, viazi vikatiwa kwenye ndoo, kwenye shuka, kwenye makoti, mtu na mtoto wake, wakati Ireri ndani anamwita mkewe kwa jina. Magunia yale hayakupasuka, ndiyo ajabu yake, yalianguka kutoka juu ya lori la tani kumi na hakuna mshono uliofumuka, ikabidi wenye kuiba wakate kamba kwa panga, na wenye kuokoa nao wakate kamba kwa panga, maana wanaume wanne hawakuweza kuliinua hata gunia moja lililokuwa juu ya Celina. Alikuwa ameyashona vizuri. Ilichukua saa moja na nusu kumtoa chini ya kazi ya mikono yake.

Alifikishwa hospitalini mjini Meru saa kumi na moja jioni akiwa na fahamu, nyonga na mbavu zikiwa zimevunjika na damu ikivujia ndani. Madaktari walifanya waliyoyaweza, alifanyiwa upasuaji Ijumaa, na Jumamosi asubuhi Ireri, ambaye mguu wake ulikuwa umevunjika mara mbili, alisukumwa kwa kiti cha magurudumu mpaka kitandani kwake. Celina alimuuliza yule wa gari dogo yuko wapi, akaambiwa ni mzima, na wa trekta ni mzima. Akauliza gia. Ireri akamwambia, "Ya pili, mama Lydiah, nakuapia," naye akasema alijua, aliisikia, akamwambia asikubali mtu yeyote amwambie vingine. Alitutoka saa tano kasorobo asubuhi, siku hiyo ya Jumamosi, tarehe 16 Agosti 2014, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Lakini watu wameshaanza kumwambia Ireri vingine. Tarehe 9 Septemba anatakiwa mahakamani kwa uendeshaji wa uzembe, na kwenye karatasi ya ajali imeandikwa kwamba lori lilibeba magunia 104, basi, na ni hakimu gani atakayesoma magunia 104 ashtuke. Kilo hazikuandikwa. Nasi tulipouliza kama gunia moja lingepimwa, tuliambiwa hakuna lililobaki, yote yameliwa.

Kwa hiyo familia ilifanya jambo dogo. Jumatano Bwana Mutembei alituletea gunia moja la viazi la kuwapikia waombolezaji, na tunamshukuru kwa moyo huo, na wanaume wanne wakalishusha, mliwaona. Kabla halijafunguliwa, Riungu alikwenda akaazima mizani ya ushirika wa maziwa, ikaletwa kwa mkokoteni, gunia likapimwa mbele ya katekista na mzee wa mtaa, nao wametia sahihi zao. Kilo mia moja sabini na moja. Ndivyo viazi mlivyokula mchana huu kabla ya kuja hapa kaburini. Bwana Mutembei, hukutukosea kwa hilo, ni zawadi, na mkulima aliyelijaza ni mmoja wetu, na aliyelishona ni mmoja wetu, na familia hii imeuza ya namna hiyo miaka thelathini. Tunakuomba tu, mbele ya Mungu na mbele ya jeneza hili, uende tarehe 9 useme kilo. Ireri hana mwingine wa kusema.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu kwa siku mbili bila kuchoka, na yule muuguzi aliyemsukuma Ireri bila kuombwa. Inamshukuru Bwana Warsame, dereva wa Meru mjini, ambaye alisimamisha lori lake pale Mti Mmoja, akalifunga gunia kwa kamba ya waya akalivuta, akawafukuza wenye ndoo kwa mawe, na akamfunika Celina kwa shuka yake mwenyewe, ambayo Lydiah ameifua na anaomba airudishe leo. Inawashukuru majirani kwa kuni, maji na maziwa, na Padre na Jumuiya kwa sala za kila jioni. Na wale waliookota viazi kabla ya kumwokota mtu, ambao baadhi yao wako hapa kwa kuwa Kiirua si mbali, familia haina la kuwaambia, Mungu anawajua.

Zaidi ya wote, familia inawashukuru wenzake wa kazi, akina mama wa sindano, ambao walichanga wakanunua jeneza hili mnaloliona. Wameomba isemwe walivyolipata, kwa kuwa hawataki kumdanganya mwenzao akiwa amelala mbele yao. Jana Ijumaa lori lilikuja kupakia, na hawakuwa na namna nyingine ya kupata mchango ule, basi walikaa chini wakashona tangu asubuhi mpaka jioni, magunia mia moja na kumi, yote ya kilemba. Walilia wakishona. Hakuna mtu hapa atakayewanyooshea kidole, asiwepo.

Na mwisho kabisa ni tangazo. Lori hilo liko pale senta, limejaa, mmelipita mkija, na dereva wake, kijana wa watu, ameketi hapa nasi kwa heshima, amekubali kungoja mpaka tumalize kuzika ndipo ateremke. Wakwe zetu wa Embu, na nyote mnaoshuka Meru, Nkubu na Chuka, najua mna haraka na mvua inakuja, lakini familia inawapigia magoti, mkimaliza kutupa udongo kaeni, mnywe chai, mpeni nusu saa nzima. Mwacheni atangulie yeye. Mtu yeyote asikubali kuwa mbele yake kwenye ule mteremko.

Kijana, gia ya pili.

Celina, dada yetu, wewe umefika, pumzika kwa amani, sisi bado tuna barabara ya kurudi nyumbani.